Haihesabiki

Karatasi yenyewe imechanwa katikati ya kaunta buku, pale penye pini, ili itoke ndefu. Imebandikwa kwenye mlango wa friji kwa sumaku ya duka la dawa. Juu imeandikwa kwa peni nyekundu: MAMBO YA LIKIZO. Niliikuta Jumamosi ya kwanza ya likizo ya Juni, nimefuata maji ya kunywa, na kwa kuwa mimi ni mtu wa stoo, mtu anayeishi na orodha tangu saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, kwanza nilihesabu. Nambari kumi na nne, nyingine zikiwa bado wazi. Kisha nikatafuta palipoandikwa nani atalipa. Hapakuandikwa popote. Nyumbani kwangu jambo likikosa mwenyewe, ujue ni langu.

Mwandishi ni binti yangu wa miaka 11. Wazo amelitoa kwenye katuni za watoto wa ng'ambo, ambao shule zikifungwa kwa miezi yao ya joto huandika orodha ya raha na kuimaliza yote kabla ya shule kufunguliwa, wakicheka muda wote. Nilijaribu kumweleza kwamba wenzetu hao wanakimbilia nje kwa sababu nusu ya mwaka wamefungiwa ndani na baridi. Sisi wa Dar es Salaam jua tunalo mwaka mzima, jingine tungependa hata kuligawa, na Juni ndiyo kwanza kipupwe kimeingia, miezi pekee ambayo mtu analala bila kutegemea feni. Hii ni miezi ya kutulia. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza: "Kwa hiyo Baba, wewe hutaki?" Swali hilo halina jibu ambalo mwanamume anaweza kulitoa mbele ya mama mkwe wake, na mama mkwe wangu alikuwa pale pale mezani anachambua mchele. Amekuja kutusalimia tangu Mei.

Nikajaribu njia nyingine. Nikamwambia hata mimi likizo zangu zilikuwa na orodha, ila aliyeitunga alikuwa bibi yangu kule Korogwe na aliitunza kichwani. Kuchota maji. Kufukuza kima shambani. Kupukuchua mahindi mpaka vidole gumba viote malengelenge. Hakuna aliyeweka tiki. Ukimaliza gunia moja, zawadi yako ilikuwa gunia la pili. Nilidhani yatamgusa. Yalimgusa kweli. Alichukua peni akaandika nambari 15: "Kupukuchua mahindi na Baba."

Sheria alizitoa jioni hiyo, tumekaa. Kila mtu wa nyumba hii aingize angalau jambo lake moja kwenye nambari zilizo wazi. Jambo likifanyika nusu, halihesabiki. Na mwenye peni ni yeye. Tangu siku hiyo simwiti tena kwa jina lake, namwita Mkaguzi.

Mama watoto akachagua kwenda kisiwani Mbudya, "tangu tuoane naahidiwa." Mkwe akachagua treni mpya. Kijana wangu wa miaka sita alitaka kuona simba na kulala nje kwenye hema. Zamu yangu ilipofika nikasema: kulala mchana. Nilale Jumapili baada ya chakula, bila kuamshwa wala kuulizwa chochote.

"Hiyo si raha," akasema mama watoto, "hiyo ni tabia."

Ikaandikwa, lakini kwa herufi ndogo. Nambari 9.

Nambari moja ilikuwa kuuza juisi ya limao nje ya geti. Kwenye katuni, watoto hupanga meza, majirani wakapita wakanunua wakitabasamu. Kwetu Kimara majirani walipita, wakatabasamu, wakasema "niandikie." Hadi adhuhuri Mkaguzi alikuwa amemaliza majagi mawili na hana hata shilingi mia, ila ana daftari lenye wadaiwa kumi na mmoja, mmoja wao akiwa fundi aliyekula pesa yangu ya kuchomelea geti lile lile aliloliegemea akinywa. Mkwe wangu, mwanamke aliyesomesha watoto wanne kwa vitumbua, alitoka nje akaitazama ile biashara kwa huruma, akarudi ndani kuvaa ushungi wa kutokea. Alikwenda sokoni, akarudi na ubuyu na vifuko. Usiku huo friji yangu ilijaa barafu za ubuyu, na kuanzia kesho yake zikauzwa taslimu, mtoto wa mtu haandikiwi. Wiki moja baadaye ikatangazwa faida. Umeme uliogandisha barafu zile, ambao nilikuwa nanunua kila baada ya siku mbili huku nikijiuliza kuna nini, haukutajwa mahali popote katika hesabu.

Makumbusho ya Taifa tulikwenda Jumanne, na sina malalamiko. Pale Mtaa wa Shaaban Robert tulimwona Zinjanthropus, yule ambaye Mary Leakey alilikuta fuvu lake Oldupai tarehe 17 Julai 1959, mwenye umri wa miaka milioni 1.75 na magego kama ya mtu anayetafuna kokoto. Kijana wangu alilitazama fuvu, akanitazama mimi, akauliza kati yetu nani mkubwa. Tiki.

Sasa hema.

Nilikwenda Kariakoo kuulizia bei ya hema na nikarudi na turubai. Nikachimbia fito mbili pale kati ya mwembe na ua wetu wa michongoma, nikapachika chandarua kwa ndani, mkeka chini. Saa mbili usiku tuliingia wanne. Mkwe alisema yeye umri wa kulala nje ulimpita akiwa na njaa ya mwaka 1974, akabaki ndani na tamthilia yake. Saa tatu mama watoto akakumbuka kwamba amesahau kitu jikoni. Hajarudi hadi leo. Saa nne kasoro komba wakaanza kugombana juu ya mwembe, na mtu aliyewahi kumsikia komba akilia usiku anajua kwamba ni sauti ya mtoto mchanga anayedai urithi. Kijana wangu, mwenye jambo lake, alipita juu ya kifua changu bila kukigusa na nikasikia mlango ukifungwa kwa komeo. Tukabaki mimi na Mkaguzi.

"Baba," akaninong'oneza, "lazima mmoja alale mpaka asubuhi, la sivyo haihesabiki."

"Sawa. Tutalala."

"Mmoja anatosha," akasema, akachukua shuka.

Kwa hiyo saa nane usiku nilikuwa peke yangu, mwanamume wa miaka 44 mwenye nyumba ya vyumba vitatu, nimekaa kwenye mkeka nje ya nyumba hiyo, nimekumbatia mto, natafuta mbu aliyeingia ndani ya chandarua. Tochi mbili zikanimulika juu ya michongoma. Vijana wa ulinzi shirikishi.

"Wewe nani?"

"Mwenye nyumba."

"Mwenye nyumba analala nje?"

Nikawaeleza. Nilijisikia mwenyewe nikieleza. Kwamba binti yangu ana orodha, na kwenye orodha kuna hema, na wengine wameingia ndani kwa sababu ya komba, na mimi nimebaki kwa niaba ya familia. Walinyamaza kwa muda. Kisha mkubwa wao, ambaye wala si kijana tena, akazima tochi, akainama kuingia chini ya turubai, akakaa karibu yangu.

"Vumilia, ndugu yangu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Mimi yangu ilichukua wiki mbili. Nililala kwenye bajaji."

Saa moja asubuhi, chai haijachemka, mjumbe akabisha hodi. Alikuwa amevaa koti. Alikaribishwa, akakaa, akauliza habari za wazee, za watoto, za kazi, kisha akamgeukia mkwe wangu na kusema kwamba wamekuja kwa nia njema, ndoa ni safari, na wangependa kusikiliza pande zote mbili. Mkwe wangu hakujua lolote. Aliweka kikombe chini taratibu, akanitazama kwa macho ambayo sijawahi kuyaona tangu siku ya mahari.

"Mwanangu," akasema, "umemfanya nini binti yangu?"

Mama watoto, ambaye kwa neno moja angeweza kuniokoa, alikuwa jikoni ameziba mdomo kwa kanga, anacheka mpaka analia. Na mjumbe, aliyesikia kwikwi tu, akatikisa kichwa kwa masikitiko. Ilichukua vikombe vitatu vya chai kulimaliza. Hata hivyo hadi leo nikienda dukani napewa pole, na muuza duka ameanza kunichagulia mkate laini.

Na tiki? Mkaguzi alimhoji mjumbe kabla hajaondoka. Mjumbe akasema kwa mujibu wa taarifa aliyopewa, nilikutwa nimekaa, na nilijibu maswali yote vizuri.

"Basi haihesabiki," akasema Mkaguzi. "Mtu aliyelala hajibu."

Mambo mengine yalikwenda haraka, isipokuwa jua. Nambari 6 ilisema: "Kuangalia jua likizama baharini." Ni ya kutoka kwenye katuni, bila shaka, kwa sababu mtoto wa Dar aliyetazama nje anajua kwamba bahari yetu iko mashariki. Jua letu hutoka baharini na kwenda kuzama huku Kibamba, nyuma ya malori, bila kiingilio. Nikashauri tubadilishe neno moja tu, kuzama liwe kuchomoza, tuamke saa kumi alfajiri twende Coco Beach, na jua la Juni hutokeza kama saa kumi na mbili na nusu. Tukaenda. Kulikuwa na wingu. Tulikula mihogo ya jana yake, tukapata mwanga wa rangi ya maji ya dagaa, tukarudi. Haihesabiki, na safari hii kwa makosa mawili.

Ndipo shemeji yangu, mtu asiye na watoto na kwa hiyo mwenye taarifa nyingi, akamnong'oneza Mkaguzi kwamba rasi ya Msasani ina upande wa pili, unaotazama ghuba, na kule jua huzama juu ya maji kabisa. Ni kweli. Nilijua. Nilikuwa nimelificha hilo kwa miaka, kwa sababu upande ule wa rasi soda haiuzwi kwa chupa, inauzwa kwa mandhari. Tulikwenda. Tuliagiza soda mbili tukaomba glasi tano. Jua likashuka, jekundu, la mviringo, likagusa maji, watu wote wakanyanyua simu, na mimi nikiri kwamba kwa dakika kama nne sikufikiria bei ya kitu chochote. Dakika ya tano bili ikaja.

Treni ilikuwa furaha ya mkwe, na kosa pekee ni kwamba hatukumweleza vizuri. Mara ya mwisho kupanda treni ilikuwa ile ya Reli ya Kati ya zamani, mtu anapanda na godoro. Basi alikesha anapika. Kuku mzima, mayai ya kuchemsha kumi na manane, chapati, maandazi ya akiba, chupa mbili za chai. Nikampakia yeye na ndoo zake kwenye treni ya umeme ya kwenda Morogoro, ile iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, ambayo hufika kilomita 160 kwa saa. Nauli ya daraja la kawaida nililipa shilingi 13,000 kwa mtu mzima, watoto nusu. Tukakaa. Pugu ikapita. Mkwe akatandika kitambaa mapajani, akasubiri mbali kidogo ndipo afungue chakula, maana safari hailiwi mlangoni. Alipoanza kumenya yai la pili, Ruvu ilikuwa nyuma yetu. Alipomgawia kuku jirani wa kiti cha mbele, tukatangaziwa Morogoro.

"Morogoro ipi?" akauliza.

Milima ya Uluguru ilikuwa dirishani, haikuwa na la kujitetea. Tulishuka pale Kihonda na mayai kumi na sita.

Kisha ikazuka kesi ya handaki. Kijana wangu alikuwa ameongeza kwenye orodha, kwa penseli, "na kupita kwenye handaki," kwa sababu amesikia reli hiyo ina mahandaki. Inayo, lakini yako mbele ya Morogoro, kwenye milima ya Kilosa, na tiketi zangu ziliishia Morogoro kwa sababu pesa zangu ziliishia Morogoro. Mkaguzi akasema jambo limefanyika nusu. Kijana akaanza kulia. Mkwe ndiye aliyehukumu, amesimama katikati ya stesheni na ndoo kichwani: treni ni ombi lake yeye, penseli si ya kwake, na giza la bure analipata nyumbani kila umeme ukiisha. Tiki ikawekwa. Kwa furaha ya ushindi akaingia sokoni mjini, ambako ndiyo kwanza mavuno yameingia, na tuliporudi jioni, juu ya mapaja yangu, njia nzima hadi Dar, palikuwa na kiroba cha mahindi ya magunzi. Sikuuliza cha nini. Ningeuliza.

Mbudya, kwa kifupi: Juni ni msimu wa kusi. Nilisema. Nahodha wa boti pale Kunduchi alisema bahari imechafuka kidogo ila tutafika, na mama watoto, aliyekaa miaka 12 akiniita mwongo kwa sababu ya kisiwa hiki, alitumia nusu saa ya kwanza ya ndoto yake akiwa amenishika shati na kuniuliza kwa nini nimekubali. Kufika akajinyoosha chini ya banda la makuti, akalala. Watoto walioga. Mkwe alijadiliana bei na mchoma samaki mpaka mchoma samaki akamwita shangazi. Mimi nililinda ndala. Jozi tano za ndala kwa saa tatu, huku mke wangu akikoroma pembeni usingizi ambao, kwa mujibu wa nambari 9, ulikuwa wangu.

Tukamalizia na simba, Sabasaba, ambayo hufunguliwa Juni 28 pale Barabara ya Kilwa. Tulikwenda Jumamosi, sisi na Dar es Salaam nzima. Nilimweleza kijana wangu kwamba jina hilo linatokana na Julai 7 ya mwaka 1954, siku TANU ilipozaliwa. Akauliza kama TANU ndiye yule simba. Tulipofika kwenye banda la wanyama, watoto walikuwa wamejazana hadi juu ya mabega ya baba zao, na simba alikuwa amelala. Amelala ubavu, miguu yote minne upande mmoja, mdomo wazi. Walimwita. Walimpigia miluzi. Mama mmoja alimtikisia funguo. Simba hakufungua hata jicho. Familia yangu ilisogea kwenda kutafuta aiskrimu na mimi nikabaki pale, nimemshika mtoto wa mtu mwingine mkono kwa bahati mbaya, namtazama mnyama huyu kwa heshima niliyokuwa sijawahi kumpa kiongozi yeyote. Anaitwa, hajibu.

Jumapili ya mwisho kabla shule hazijafunguliwa, ukiacha hema ambalo halikuhesabika, orodha ilibaki na mambo mawili. Tulikula wali na samaki. Nikachukua mkeka, nikautandika chini ya mwembe, nikalala ubavu, miguu yote upande mmoja. Upepo wa kipupwe unapita, komba wamelala, mafundi wa jirani hawapo. Nilikuwa nimeshafika ule mpaka ambako mtu anasikia lakini hajali, niliposikia ndala zikija.

"Baba?"

Kimya.

"Baba, umelala?"

Huko nyuma ningesema ndiyo. Safari hii nilimkumbuka yule simba. Nikaacha hadi mdomo wazi. Nzi akatua mguuni, nikamwachia mguu. Ndala zilisogea karibu, pumzi ya mtoto ikanigusa sikio, akanichungulia kope moja baada ya nyingine kwa makini ya mtu anayejua kazi yake. Kisha nikasikia kifuniko cha peni kikichomolewa na karatasi ikikwaruzwa, mstari mfupi na mstari mrefu.

"Amelala kweli," akaita kuelekea jikoni. "Nambari tisa tayari!"

Karibu na kichwa changu, kitu kizito kikabwagwa, na magunzi yakagongana ndani yake.

"Haya Baba, amka. Imebaki kumi na tano."